Tenera si aina, ni ndoa

Mwezi uliopita asistanti mmoja wa Fakulte yetu alinikuta chini ya mwembe nikisoma kozi ya agronomia niliyoazima kwa rafiki. Akacheka, akaniuliza: "Wewe wa Kiswahili, umehama lini?" Nilimjibu kwamba sijahama. Nilikuwa nasoma juu ya mchikichi kwa sababu mti huo umewagombanisha watu wa ukoo wetu kwa miaka sita, na nimekuja kuamini kwamba ugomvi ule ulianza na neno. Maneno ni kazi yetu sisi wa Fakulte hii, si ya watu wa agronomia. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nieleze kisa. Mjomba wangu ana shamba upande wa Fizi. Jirani yake, mzee anayeheshimiwa, alikuwa na michikichi mizuri kuliko yote pale: ngazi zake zilikuwa na nyama nyingi na ganda jembamba, na kila mkungu ulitoa mafuta hata mkamuaji akashangaa. Watu walisema hiyo ni tenera, "ile aina nzuri". Mjomba akamwomba mbegu. Mzee, bila kudai hata faranga moja, akamruhusu aokote chini ya miti yake. Mjomba akaotesha, akapanda miche 60, akapalilia, akangoja.

Mwaka wa nne miti ilipoanza kuzaa, shamba likawa kama watoto wa mababa mbalimbali. Miti mingine ilikuwa kama ya jirani. Mingine ilizaa ngazi za ganda nene, nyama kidogo, kama zile za porini. Na mingine ilitoa maua mengi na mikungu mingi, lakini mikungu ikaoza kabla ya kuiva. Hiyo watu waliiita "dume". Mjomba alifikiri udongo umemsaliti. Baadaye alifikiri jirani ndiye aliyemsaliti: kwamba mzee alijua mbegu zipi ni nzuri na zipi ni mbaya, na kwa makusudi akamwacha aokote mbaya. Alimwambia hivyo mbele ya watu. Tangu siku ile hawakusalimiana tena. Binti wa mzee alipoolewa, sisi hatukwenda.

Likizo iliyopita nilizunguka shamba lile na daftari, nikahesabu. Miti ya ganda jembamba ilikuwa 29, ya ganda nene 17, ya mikungu inayooza 14. Nilimpa rafiki yangu wa agronomia hesabu hiyo bila kumweleza kisa. Hakufikiri hata dakika moja. Akasema: "Huyo alipanda mbegu za tenera kwa tenera. Ni nusu, robo na robo. Hakuna aliyemdanganya."

Hakuna aliyemdanganya. Miaka sita ya ukimya kati ya nyumba mbili, na jibu lilikuwa katika ukurasa mmoja wa kozi ya mwaka wa pili, kwa Kifaransa.

Sasa tuangalie maneno yenyewe. Dura, tenera, pisifera ni maneno ya Kilatini. Dura ni "ngumu", tenera ni "nyororo", pisifera ni "yenye kuzaa punje kama za njegere", kwa sababu kiini chake hakina ganda. Ni sifa tatu zilizopangwa mstari mmoja, kama kwamba zina hadhi moja. Msikiaji yeyote, awe profesa au mkulima, akisikia majina matatu yaliyopangwa hivyo atadhani ni aina tatu. Na Kiswahili chetu kimempa neno lililo tayari: "aina". Ukisema "aina", umesema kitu kinachojizaa chenyewe. Mbegu ya muhogo wa aina fulani, kuku wa aina fulani: tunategemea mtoto afanane na mzazi. Mjomba alifuata neno, na neno likampeleka chini ya mti kuokota mbegu.

Lakini tenera si aina. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Kila mti wa tenera umebeba nakala mbili za jeni inayohusika na ganda: moja nzima kutoka upande wa dura, moja iliyobadilika kutoka upande wa pisifera. Tenera wawili wakizaana, nakala zinagawanyika upya: robo ya watoto wanapata nzima mbili na kurudi kuwa dura, nusu wanapata moja moja na kuwa tenera, robo wanapata zilizobadilika mbili na kuwa pisifera, ambayo kwa kawaida mikungu yake haifiki kuiva. Ndiyo 17, 29 na 14 za mjomba wangu. Na lile neno "dume" nalo lilidanganya. Mchikichi hauna mti wa kike na mti wa kiume. Mti uleule hutoa mashada ya maua ya kiume kwa kipindi, halafu ya kike kwa kipindi kingine. Ile miti 14 haikuwa madume. Ilikuwa na maua ya kike mengi, isipokuwa hayakuweza kulea tunda.

Msomaji anaweza kusema: haya ni mambo ya zamani, Mendel aliyaeleza. Kweli. Na nchini mwetu yalielezwa mapema kuliko popote. Ni huko Yangambi, kando ya mto Kongo, kilomita zipatazo 100 magharibi ya Kisangani, katika kituo cha INEAC, ambapo Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba tenera ni chotara wa dura na pisifera. Kabla ya hapo hata wataalamu waliichukua tenera kama aina, wakapanda mbegu zake, wakashangaa shamba kutoka mchanganyiko. Kwa maneno mengine, kosa la mjomba wangu ni kosa la wataalamu wa kabla ya 1941. Tofauti ni kwamba wao waliandikiwa kitabu.

Tangu hapo, dunia nzima ya mawese imejengwa juu ya ndoa hiyo. Dura huwa mama, pisifera hutoa chavua, na mbegu zote za ndoa hiyo huwa tenera. Tenera hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya dura. Indonesia na Malaysia, ambazo leo hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani, hupanda tenera. Na ukoo mmoja maarufu wa pisifera wanaoutumia, ule unaoitwa AVROS, chimbuko lake ni mbegu zilizotoka bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, zikapelekwa Sumatra miaka ya 1920. Mti ulitoka kwetu, maarifa yalitoka kwetu, na mkulima wa kwetu bado anaokota mbegu chini ya tenera. Siwezi kusahau kwamba maarifa yale hayakutafutwa kwa ajili yake. Mashamba makubwa ya mawese ya ukoloni, kuanzia Huileries du Congo Belge ya mwaka 1911, yalimtaka Mkongo akwee na kukata ngazi, si aelewe. Ila uhuru tumekwisha kuupata tangu 1960. Ukimya wa leo hatuwezi kuubebesha ukoloni peke yake.

Na sasa nafika mahali ambapo jambo hili linagusa Fakulte yetu zaidi ya hesabu ya Mendel.

Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe, wakaiita SHELL, yaani ganda. Magazeti yakaandika kama kawaida yake: jeni inayotawala ganda la mchikichi imegunduliwa. Kwa Kifaransa pia kitenzi ni hicho: jeni "inatawala", "inaamuru", "inadhibiti". Ukitafsiri neno kwa neno, Kiswahili nacho kitasema "jeni tawala". Kuna bwana, na kuna mtumwa. Lakini ukisoma walichokikuta hasa, huoni bwana.

Jeni ya SHELL hutengeneza protini ya ukoo unaoitwa MADS. Jina hilo limeshonwa mwaka 1990 kwa herufi za kwanza za ndugu wanne: MCM1 ya hamira, AGAMOUS ya Arabidopsis, DEFICIENS ya ua la Antirrhinum, na SRF ya binadamu. Maana yake ni kwamba ukoo huu ni wa kale sana. Hamira, mmea na mtu wote wanao. Kazi ya protini hizi ni kukaa juu ya ADN na kufungua au kufunga usomaji wa jeni nyingine. Lakini, na hili ndilo jambo lenyewe, hazifanyi kazi hiyo moja moja. Zinashikana mbili mbili kwanza, ndipo zinashika ADN. Na katika ua, jozi hukutana na jozi nyingine, zikawa nne. Protini ileile ikiwa na mwenzi huyu inasaidia kufanya petali. Ikiwa na mwenzi mwingine inasaidia kufanya stameni. Haina maana yake peke yake. Maana iko katika kushikana.

Wanafunzi wa Kiswahili mnalijua jambo hili tangu kozi ya mofolojia. Tunafundishwa kwamba kiambishi -an- huonyesha kutendana: piga, pigana, penda, pendana. Halafu mwalimu anatuonya: usidhani maana ya kitenzi kipya ni hesabu ya kujumlisha. Pata ni kupata kitu. Patana ni kufikia maelewano. Hakuna maelewano ndani ya pata, wala hakuna maelewano ndani ya -an-. Yamezaliwa pale vilipokutana. Na tazama jinsi sentensi inavyojengwa: "Juma alipatana na Asha", "Asha alipatana na Juma", "Juma na Asha walipatana". Kiima kinahama bila shida, kwa sababu hakuna mtenda na mtendwa. Lugha yetu ina kauli nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya mambo ya namna hii, na sisi tunakwenda kuazima "jeni tawala".

Hata mabadiliko yaliyoleta tenera yana sura tunayoijua. ADN ya mchikichi ina herufi zipatazo bilioni 1.8. Watafiti walikuta mabadiliko mawili, yaliyotokea kila moja kivyake, katika miti ya asili tofauti, na kila moja ni herufi moja tu. Yote mawili yameangukia sehemu ileile ya protini, karibu kabisa moja na lingine: sehemu ambayo hutumiwa kushika ADN na kushikana na mwenzi. Kwetu tungesema jozi mlinganuo finyu: pata na bata, sauti moja, maana mbali. Na walieleza ubora wa tenera kwa njia hiyohiyo: katika mti wenye nakala moja nzima na moja iliyobadilika, protini za namna mbili zinakutana, na ushirikiano wao ndio unaolifanya ganda liwe jembamba bila kulifuta na bila kuua tunda. Dura ina ushirikiano kamili, ganda nene. Pisifera imeupoteza, ganda halipo. Tenera iko katikati, na katikati hiyo haiwezi kurithiwa nzima, kwa kuwa ni uhusiano, na uhusiano hauwi mali ya mmoja.

Basi ndoa ya tenera iko mara mbili: kati ya miti wazazi, na tena kati ya protini ndani ya tunda.

Nimejiuliza kwa nini mageuzi ya mimea yanapenda kugusa sehemu hii ya kushikana. Jibu nililolipata linaeleweka hata kwa sisi tusiopita maabara. Jeni hunakiliwa mara nyingine kwa bahati, zikawa mbili. Moja inaendelea na kazi ya zamani. Ya pili iko huru kubadilika kidogo, ikapoteza mwenzi mmoja, ikapata mwingine. Arabidopsis, mmea mdogo tu wa porini, una jeni zaidi ya 100 za ukoo wa MADS. Kwa kubadilisha nani anashikana na nani, mimea imeweza kutengeneza maumbo mapya bila kubuni protini mpya kutoka mwanzo. Ni kama lugha ambayo haiongezi mizizi kila siku, ila inapanga upya viambishi.

Walimu wetu wa fasihi watafurahi kujua kwamba mmoja wa waliolihisi jambo hili mapema alikuwa mshairi. Goethe, mwaka 1790, aliandika kitabu kidogo akisema kwamba sehemu zote za ua ni jani lililogeuka. Wengi waliona ni ndoto ya mtunga mashairi. Lakini mwaka 2000 watafiti waliondoa protini tatu za ukoo wa MADS katika Arabidopsis, zile zinazoitwa SEPALLATA, na petali, stameni na karpeli zikashindwa kutokea. Ua likawa sepali tupu. Baadaye walipoondoa na ya nne, sehemu za ua zikawa kama majani. Na mwaka 2001 wengine walifanya kinyume: waliweka katika majani mchanganyiko sahihi wa protini hizo, na majani yakawa petali. Protini moja haikutosha. Ilihitajika kundi. Goethe hakujua lolote kuhusu protini, lakini alikuwa na jicho la mtu anayetafuta uhusiano kabla ya kutafuta mtawala. Mtu wa lugha anaweza kuwa na msaada kwa sayansi, na si katika kusahihisha tahajia peke yake.

Rai yangu basi ni hii: kuunda maneno ya sayansi ya viumbe kwa Kiswahili ni kazi ya Fakulte yetu, na tumeiacha. Tumeiacha kwa sababu tunadhani ni kazi ya kutafsiri orodha. Ukiniletea orodha ya istilahi 500 zilizotafsiriwa kutoka Kifaransa, huku "jeni tawala" ikiwa namba 212 na "aina ya tenera" namba 213, umeniletea makosa 500 yenye mavazi ya Kiswahili. Kazi yenyewe ni kuuliza: neno hili litamfanya mtu afanye nini? Mimi napima hivyo. "Aina" ilimfanya mjomba aokote mbegu chini ya mti. "Ndoa" ingemfanya aulize baba ni nani na mama ni nani. Neno la pili ni bora, si kwa kuwa linapendeza, bali kwa kuwa mkono unaolifuata haupotei.

Najua pingamizi, kwa kuwa nimezisikia hapa hapa.

Ya kwanza inasema: sayansi ina lugha zake, Kifaransa na Kiingereza, anayetaka kujua asome. Nawajibu kwa heshima kwamba mjomba wangu hatasoma, na si mvivu. Ana miaka 58, anasoma Biblia kwa Kiswahili vizuri kuliko mimi, na aliwahi kuhesabu bidoni za mawese za soko zima bila kukosea. Maarifa anayohitaji hayazidi ukurasa mmoja. Tatizo si kichwa chake, ni kwamba ukurasa huo haujaandikwa.

Ya pili ni nzito zaidi, na ilitoka kwa mwalimu ninayemheshimu. Aliniambia: "Wewe unafukuza sitiari ya bwana na mtumwa, halafu unaingiza sitiari ya ndoa. Protini hazioani, hazipendani, hazilipi mahari. Umebadilisha uongo tu." Ana haki. Kila sitiari hudanganya mahali fulani. Ndoa itadanganya pale mtu atakapodhani kwamba jozi hudumu, wakati protini hushikana na kuachana bila kukoma. Au atakapodhani kwamba jozi lazima iwe ya wawili tofauti, wakati nyingine hushikana na nakala yake mwenyewe. Kwa hiyo sisemi "ndoa" iwe istilahi. Kwa wakulima, itumike kueleza miti wazazi, ambako ni kweli kabisa. Kwa darasa, napendekeza maneno makavu zaidi: "jozi pacha" kwa protini mbili zilizo sawa, "jozi mseto" kwa protini mbili tofauti, na kitenzi "kushikana" bila pambo. Badala ya "jeni ya ganda" tuseme "jeni inayoshiriki katika ganda". Ni refu kidogo. Urefu huo ndio gharama ya kusema kweli.

Ya tatu inasema: neno halileti mbegu. Mbegu za kweli, zilizozalishwa kwa dura na pisifera, ni ghali na ziko mbali, na barabara tunazijua. Nakubali tena. Makala haya hayatampa mtu mche hata mmoja. Lakini anayejua kuuliza hadanganyiki kirahisi. Mtu akikuletea mfuko sokoni akisema "hii ni tenera", muulize: "Baba yake nani? Mama yake nani?" Akijibu "ilitoka kwenye tenera nzuri sana", mshukuru na uende zako. Akijibu "mama dura, baba pisifera", hapo mazungumzo yanaweza kuanza. Swali hilo linaingia katika sentensi mbili za Kiswahili ambazo mtoto wa darasa la nne anazielewa.

Ninachoomba Fakulte si kikubwa. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo. Nyingi, ya kwangu ikiwemo, zinachambua viambishi vilevile kutoka vitabu vilevile. Naomba sehemu ya kazi hizo iende shambani, kwenye karakana, kwenye zahanati, ikiwa na mwanafunzi wa agronomia au wa tiba pembeni: mmoja analeta jambo, mwingine analeta lugha, na mtu wa kazi yenyewe ndiye anayepima. Neno lisipitishwe kwa kuwa linafanana na Kifaransa, wala kwa kuwa limo katika kamusi ya Dar es Salaam au Nairobi. Lipitishwe pale mkulima aliyelisikia atakapoweza kutabiri shamba lake litakuwaje. Na sisi tunaosema Kiswahili cha Kongo tusione aya kuleta "ngazi" na "mawese" yetu mbele ya "chikichi" za wengine. Mti huu unatujua.

Nilimweleza mjomba mambo haya jioni moja, tukiwa tumekaa kwenye vigoda, daftari katikati. Sikutaja ADN. Nilichora miti miwili, kila mmoja na mbegu mbili za mahindi, nyeupe na njano, nikamwambia achukue moja moja kutoka kila upande, mara nyingi. Alifanya mara 20 bila kusema neno. Halafu akaangalia mafungu matatu aliyopata, akaniuliza: "Kwa hiyo na yeye hakujua?" Nikasema: "Hakujua, mjomba. Angejua angekwambia." Akanyamaza muda mrefu. Akasema tu: "Miaka sita."

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa jirani na jogoo. Sikuwepo. Niliambiwa mzee alimpokea, wakala, na kwamba mzee naye alikiri kuwa watoto wake wawili walimlaumu kwa jambo hilohilo, kwa mbegu zilezile. Miti 14 imekatwa. Mahali pake patapandwa upya, na itabidi kungoja tena miaka mitatu, minne. Sayansi ya kwetu ilikuwa na jibu tangu 1941. Lililokosekana ni mtu wa kulisema kwa Kiswahili, na kumfundisha mtu huyo ni kazi tuliyopewa sisi hapa.